Barua ya wazi kwa waliotoka selo wakabaki na funguo

Kwa waheshimiwa marais na mawaziri wakuu, mawaziri wa mambo ya ndani, wakuu wa polisi, na kila mwenye cheo ambaye simu yake moja ya usiku inatosha kumtoa mtu kitandani na kumpakia kwenye gari lisilo na namba.

Salaam kwenu.

Nawaandikia nyote, ila hasa wale ambao kabla ya kukalia kiti mlikalia sakafu ya mahabusu. Mko wengi kuliko mnavyopenda kukumbushwa. Mnajua ndoo ya pembeni inavyonuka. Mnajua kulala ubavu mmoja kwa zamu, na kukadiria saa kwa kusikiliza buti za askari nje ya mlango. Kwa hiyo swali langu linawahusu ninyi kwanza: sheria iliyowafunga mliikuta mezani siku mlipoapishwa. Mbona ipo hadi leo?

Msinijibu kwa hotuba ya sikukuu ya uhuru, hizo nimezisikia za kutosha. Nitaanza na Accra, maana kisa cha Accra kimekwisha na wahusika wake wakuu wameshazikwa, hivyo hakuna atakayesema namsema yeye.

Tarehe 28 Februari 1948 askari wastaafu, watu waliopigana upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliandamana kuelekea ngome ya Christiansborg alikokaa gavana wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Walikuwa na madai yao. Polisi wakawazuia njiani, na ofisa aliyekuwa akiongoza kikosi, Colin Imray, akafyatua risasi. Wakafa watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na askari Odartey Lamptey. Mji ukawaka. Serikali ya kikoloni ikafanya kile ambacho serikali zilizobanwa hufanya: ikatafuta wa kumkamata, na haikumtafuta kwenye kikosi chake yenyewe. Ikawazoa viongozi sita wa UGCC, chama kilichodai kujitawala, ikawapeleka mbali na kuwaweka kizuizini bila kuwafikisha mbele ya hakimu. Miongoni mwao walikuwamo Kwame Nkrumah na wakili J. B. Danquah. Hao ndio Waghana wanaowaita Wakubwa Sita mpaka leo, na sura zao zimo kwenye noti za cedi. Kukamatwa kuliwapa ukubwa ambao mikutano yao yote haikuwa imewapa.

Miaka miwili baadaye Nkrumah, akiwa sasa na chama chake cha CPP, aliitisha migomo na kususiwa kwa biashara za kikoloni. Januari 1950 akakamatwa tena, akahukumiwa miaka 3, akafungiwa gereza la James Fort. Serikali ikapumua. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 8 Februari 1951, na mfungwa akagombea akiwa humo humo ndani. Katika jimbo la Accra ya Kati zilipigwa kura 23,122, na yeye akapata 22,780. Siku nne baadaye gavana Arden-Clarke alimtoa gerezani, kisha akamkabidhi uongozi wa shughuli za serikali. Wafuasi waliokuwa wamefungwa walivaa kofia zenye herufi P.G., kwa maana ya wahitimu wa gereza, na wakazivaa kwa majivuno kama mtu aliyetoka chuo kikuu.

Nilidhani hesabu ile ya kura ingebandikwa ukutani katika kila wizara ya mambo ya ndani duniani. Badala yake, wa kwanza kuisahau alikuwa mwenyewe aliyepigiwa.

Uhuru ulipatikana Machi 1957. Mwaka uliofuata, 1958, bunge la Ghana likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini kwa tahadhari: mtu angeweza kufungiwa hadi miaka 5 bila mashtaka. Neno "tahadhari" hapo lina kazi kubwa. Aliyefungwa hajafanya kosa, na serikali yenyewe inakiri kwamba hajafanya. Anafungwa kwa kosa ambalo huenda angelifanya. Baffour Osei Akoto na wenzake saba walipowekwa ndani chini ya sheria hiyo, wakili aliyesimama kuwatetea alikuwa Danquah. Alieleza Mahakama Kuu Kabisa kwamba rais alikuwa ametamka, alipoingia madarakani, kuwa hakuna atakayenyimwa uhuru wake isipokuwa pale inapobidi kulinda utulivu wa umma, maadili au afya. Mwaka 1961 majaji wakasema tamko lile ni wajibu wa kimaadili tu, si haki ambayo raia anaweza kuidai mahakamani.

Mwaka huo huo Danquah naye akachukuliwa, kwa sheria ile ile aliyoipinga. Akaachiwa 1962, akakamatwa tena Januari 1964. Akiwa gerezani Nsawam alimwandikia rais barua. Tarehe 4 Februari 1965 akafia humo.

Tafakarini kidogo. Watu wawili waliofungwa pamoja mwaka 1948 na mkoloni mmoja. Baada ya miaka 17 mmoja yumo ikulu na mwenzake anatolewa gerezani akiwa maiti. Wala Nkrumah hakubaki na kiti muda mrefu baada ya hapo. Tarehe 24 Februari 1966, akiwa safarini nje ya nchi, serikali yake ilipinduliwa, na miongoni mwa viongozi wa mapinduzi alikuwamo John Harlley, mkuu wake wa polisi. Magereza yakafunguliwa, yakatoka makundi ya waliokuwa wamefungwa na CPP, na yakaingizwa makundi ya watu wa CPP. Kuta ni zile zile.

Waheshimiwa, hilo la Harlley lisomeni mara mbili. Rais aliyelipa jeshi la polisi ruhusa ya kumchukua yeyote bila kumwonyesha hakimu alilizoesha kazi ambayo baadaye ilikuja kufanywa kwake. Mtu mliyemfundisha kutouliza kwa nini, hatauliza kwa nini hata siku ile mtakapopangiwa ninyi.

Mnaweza kusema Ghana ilikuwa na bahati mbaya. Twendeni Kenya basi, nitafupisha. Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku ule ule polisi wakavamia nyumba za viongozi. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Ramogi Achieng Oneko. Jaji Ransley Thacker aliletwa mahsusi kwa kesi hiyo, na alilipwa pauni 20,000 kando kwa kukubali kuisikiliza. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alikuja kuapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Hayo yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kilichompata Oneko. Rufaa ilimwondolea hatia, lakini hakurudi nyumbani. Alishikiliwa kizuizini miaka mingine mingi kwa amri ya serikali, kana kwamba majaji hawajasema kitu.

Uhuru ulipokuja Kenyatta akawa mkuu wa nchi na Oneko akawa waziri. Wakatofautiana, Oneko akamfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenye chama cha upinzani cha KPU. Oktoba 1969, baada ya vurugu na risasi za Kisumu kwenye ufunguzi wa hospitali ambapo rais alikuwa mgeni rasmi, KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Oneko alikaa ndani mpaka 1975. Kaggia yeye alikuwa amefungwa mwaka 1968 kwa kuhutubia mkutano usio na kibali. Katika sita wa Kapenguria, kwa hiyo, wawili walifungwa tena na serikali ya mwenzao wa Kapenguria, na kosa la mkutano bila kibali lilikuwa kosa lile lile ambalo mkoloni alipenda kulitumia.

Na Zimbabwe? Mwaka 1960, ilipokuwa bado Rhodesia ya Kusini, ilitungwa sheria ya kulinda utulivu ambayo ilikuwa kali kiasi kwamba Jaji Mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, Robert Tredgold, alijiuzulu kuipinga. Mzungu, jaji, mtu wa mfumo, akaona hapana, hii siwezi kuitumikia. Robert Mugabe alikaa kizuizini takribani miaka kumi chini ya utawala ule. Alipoingia madarakani mwaka 1980 angeweza kuichoma moto sheria ile uwanjani na taifa zima likapiga vigelegele. Hakuichoma. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1965 na serikali ya Ian Smith iliendelea kuhuishwa kila baada ya miezi sita hadi 1990, na sheria yenyewe ya mwaka 1960 ilidumu hadi 2002 ilipopokewa na nyingine ya ukoo wake. Dumiso Dabengwa na Lookout Masuku, makamanda wa jeshi la msituni la ZIPRA waliopigania uhuru huo huo, walifikishwa mahakamani kwa uhaini. Mwaka 1983 mahakama ikawakuta hawana hatia, na papo hapo wakawekwa kizuizini tena, Masuku akatoka mwaka 1986 akiwa mgonjwa wa kufa. Alizikwa mwaka huo huo.

Sasa mnaona kwa nini sina haja ya kuwataja walio hai. Kisa ni kimoja, majina tu ndiyo hubadilika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyeonja selo hawezi kuvunja selo. Jibu la haraka ni kwamba madaraka hulevya, na sikubaliani nalo, ni la kivivu. Nadhani sababu moja ni ya kawaida zaidi: mnakuta chombo tayari kimeundwa, na kinafanya kazi. Polisi ya London iliyoanzishwa na Robert Peel mwaka 1829 ilitembea mitaani bila bunduki, ikajaribu kumfanya askari aonekane kuwa raia aliyevaa sare. Makoloni hayakupelekewa mfano huo. Yalipelekewa mfano wa Ireland: askari wenye silaha, wanaoishi kambini mbali na watu, wanaopokea amri kutoka juu na kuripoti juu. Kazi yake ya kwanza haikuwa kumkamata mwizi wa kuku. Ilikuwa kujua nani anasema nini, na kumnyamazisha kabla hajasikika. Siku ya uhuru bendera ilibadilishwa, nembo kwenye kofia ikabadilishwa, lakini barabara ya amri ikabaki vile vile, ikitoka kwa gavana kwenda kwa mkuu wa kituo. Ninyi mkaketi pale alipokuwa gavana. Simu ikawa yenu.

Angalieni India, ambayo mara nyingi hutajwa kama mfano mwema. Sheria ya polisi ya mwaka 1861, iliyotungwa wakati Uingereza ilikuwa imetoka tu kuzima uasi mkubwa wa 1857, iliendelea kutumika baada ya uhuru. Kifungu cha uchochezi kilichomfunga Bal Gangadhar Tilak miaka sita mwaka 1908, na kilichomfunga Gandhi mwaka 1922 baada ya yeye mwenyewe kukubali kosa mbele ya jaji, kilibaki kikitumika hadi Mahakama Kuu Kabisa ilipositisha matumizi yake Mei 2022. Na Nehru, waziri mkuu wa kwanza, ambaye ukijumlisha vifungo vyake ni karibu miaka tisa, serikali yake ilipitisha sheria ya kizuizini mwaka 1950. Binti yake, Indira Gandhi, akaenda mbali zaidi. Usiku wa tarehe 25 Juni 1975 ilitangazwa hali ya hatari, na kabla ya mapambazuko mzee Jayaprakash Narayan na viongozi wengi wa upinzani walikuwa wameshabebwa. Mwaka 1976 majaji wanne kati ya watano waliamua kwamba wakati wa hali ya hatari raia hana hata pa kuuliza kwa nini amekamatwa. Jaji H. R. Khanna peke yake alikataa. Mwaka uliofuata aliyekuwa nyuma yake kwa cheo ndiye aliyepewa ujaji mkuu, naye Khanna akaachia ngazi.

Ila India ina jambo ambalo Accra haikuwa nalo. Machi 1977 wapiga kura walimwondoa Indira. Oktoba mwaka huo serikali mpya, iliyojaa watu aliowafunga, ikaona zamu yake imefika, ikamkamata. Kesho yake hakimu akamwachia kwa sababu hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Waliokuwa jela juzi hawakufurahi hata kidogo, na mimi naelewa uchungu wao, lakini hakimu yule alikuwa amefanya kwa Indira kile ambacho Indira hakuruhusu kifanyike kwao. Na kwa hesabu za kisiasa kukamatwa kule kulimsaidia. Januari 1980 alirudi madarakani kwa kura. Ninyi mnaopanga kumkamata mpinzani wenu wiki ya uteuzi wa wagombea, nadhani mmeshaanza kukumbuka kura 22,780.

Najua mtakachosema. Mtasema hatari ni za kweli, mabomu ni ya kweli, wako watu wanaotaka kuichoma nchi. Ni kweli. Tarehe 1 Agosti 1962 Nkrumah alirushiwa bomu kijijini Kulungugu na watu wakafa. Sitaki kuonekana kama nadharau woga wa mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini tazameni kilichofuata. Washukiwa wakapelekwa mahakamani, jambo zuri. Desemba 1963 mahakama ikiongozwa na Jaji Mkuu Arku Korsah ikawaachia watatu kati yao, akiwamo Ako Adjei, mmoja wa wale Wakubwa Sita. Rais akamfukuza Jaji Mkuu. Kesi ikarudiwa mbele ya jaji mwingine na safari hii wakahukumiwa kifo, ingawa hawakunyongwa. Hapo ndipo hoja ya usalama huishia kila mara: mahakama ni nzuri ikifunga, ikiachia ni adui. Sheria ya kumshtaki mtega bomu ipo katika kila nchi. Kinachokosekana mikononi mwenu kwa kawaida ni ushahidi, na kizuizini kimekuwa njia ya kuishi bila kuutafuta.

Na hizo mbinu ndogo ndogo mnazozitumia sasa, baada ya sheria za kizuizini kuanza kuona aibu, tunazijua pia. Kukamata Ijumaa jioni ili saa 24 za katiba zimezwe na wikendi. Kumhamisha mtu kituo hadi kituo, wakili akifika huku anaambiwa yuko kule, akifika kule wanamwuliza jina gani hilo, hatuna. Askari kanzu wasiojitambulisha. Kosa la uchochezi, ambalo ni kama shati la mtumba: linavaliwa na yeyote. Kisha kesi inafika mahakamani na wimbo unaanza, "upelelezi haujakamilika," mwezi huu haujakamilika, mwezi ujao haujakamilika, mwaka unakatika na mtu yuko rumande kwa kosa lisilo na dhamana. Nauliza kama mjinga: ikiwa upelelezi haujakamilika, mlijuaje wa kumkamata?

Ile ya kumwachia mtu na kumkamata tena mlangoni mnadhani ni ubunifu wenu. Mwaka 1963 Afrika Kusini ilitunga sheria ya kumshikilia mtu siku 90 bila mashtaka. Mwandishi wa habari Ruth First alipomaliza siku zake 90 aliachiwa, akatoka nje ya kituo, na kabla hajapata hata kupiga simu nyumbani askari wakamshika upya. Akatimiza siku 117. Waliobuni ujanja huo walikuwa watumishi wa ubaguzi wa rangi, na sidhani kama ni watu mnaotaka kuonekana mnawaiga.

Nimeitaja Afrika Kusini nyote mkijua kwamba ndiko juhudi kubwa zaidi ilikofanyika. Waliotoka gerezani kule waliandika katiba ya mwaka 1996 inayokataza kumshikilia mtu bila kesi na inayotaka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mahakama ya Katiba waliijenga Johannesburg kwenye uwanja wa gereza la Old Fort. Jengo la mahabusu likabomolewa na matofali yake yakatumika kujengea mahakama. Albie Sachs, aliyeshikiliwa kwa sheria ile ya siku 90, akawa mmoja wa majaji humo. Sijui nchi nyingine iliyojibu swali langu vizuri kiasi hicho.

Halafu ikaja Marikana. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua kwa risasi wachimba madini 34 waliokuwa kwenye mgomo. Wachimba madini wapatao 270 waliosalia wakakamatwa, na waendesha mashtaka wakawafungulia kesi ya mauaji ya wenzao, wale wale waliouawa na polisi, kwa kutumia kanuni ya dhamira ya pamoja, inayombebesha kila aliyekuwamo kosa la kundi zima, ambayo utawala wa kibaguzi uliipenda mno. Kelele zilipopigwa mashtaka hayo yaliondolewa kwa muda, baada ya wiki mbili hivi. Sikuleta mfano huu kuwasuta watu wa Afrika Kusini. Nimeuleta kwa sababu unaonyesha kwamba hata mkiandika katiba nzuri na kujenga mahakama kwa matofali ya selo, kama kwenye kabati la mwendesha mashtaka kumebaki kipande kimoja cha zamani, siku ya hofu mkono utakwenda kukichukua.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni la kabati. Fungueni vitabu vyenu vya sheria, mtafute kila kifungu ambacho kilitungwa kwa ajili ya kuwanyamazisha ninyi au waliowatangulia, mkifute mkiwa bado mna nguvu ya kukifuta. Kisimamishwe tu hakitoshi, na ahadi kwamba hakitatumika vibaya haitoshi kabisa. Akoto alikuwa na ahadi.

Ombi la pili ni dogo na linaudhi, nalo ni kitabu cha kituoni. Kila aliyekamatwa aandikwe jina lake, saa aliyoletwa, kosa, na jina na namba ya askari aliyemleta. Aandikwe alipohamishiwa na saa aliyohamishwa. Ndugu yake akifika kaunta aonyeshwe. Mkuu wa kituo atakayekutwa na mtu ambaye hayumo kitabuni ashtakiwe kwa kuteka mtu, kama ambavyo mimi ningeshtakiwa nikimfungia jirani yangu stoo. Mtashangaa ni mateso kiasi gani hufanyika katika zile saa ambazo hazijaandikwa popote. Na kuhesabu saa kuanze mtu anaposhikwa mkono, si anapoandikwa. Kama mahakama hazifunguliwi Jumamosi, zifunguliwe. Polisi hufanya kazi Jumamosi.

La tatu: aliyeachiwa na hakimu aende nyumbani. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nigeukie upande wa sare. Afande, najua nusu ya haya hukuyapanga wewe. Uliambiwa ni maagizo kutoka juu, na juu hakuna anayeandika. Ndiyo hasa shida yako. Januari 1987 mwanafunzi wa Korea Kusini, Park Jong-chul, alifia mikononi mwa wapelelezi katika jengo la Namyeong-dong mjini Seoul, akiteswa kwa maji ili ataje alipo mwenzake. Polisi walitoa maelezo kwamba mpelelezi alipiga meza kwa nguvu na kijana akaanguka akafa. Daktari aliyemwona na waliompasua hawakukubali kuubeba uongo huo. Kufikia Juni mitaa ilijaa watu na watawala wakalazimika kukubali uchaguzi wa rais kwa kura ya moja kwa moja. Waliofungwa kwanza walikuwa wapelelezi wa chini. Mwaka uliofuata mkuu wa polisi wa taifa naye akakamatwa kwa kuficha ukweli. Rais wa wakati ule, Chun Doo-hwan, hakuguswa hadi Desemba 1995, tena kwa makosa mengine, na baada ya hukumu akasamehewa. Ngazi ya kuwajibishwa hupandwa kutoka chini, na wengine hawafikiwi kamwe. Kwa hiyo ukipigiwa simu usiku, omba hati. Ukinyimwa hati, andika kwenye kitabu kwamba umeiomba na nani amekunyima, na saa ngapi. Karatasi hiyo ndiyo wakili wako wa baadaye.

Naifunga barua hii nikiwa nje, nikiwa na kalamu yangu na mlango ninaoufunga mwenyewe. Danquah alipoandika za kwake hakuwa na mlango huo, na jibu alilosubiri halikumkuta hai. Anwani yangu ofisi zenu zinaijua. Naomba majibu yaletwe mchana, kwa posta.

Wenu,
Raia